Mwekezaji anaahidi kiwanda cha lithiamu ya betri ndani ya miezi 18. Tukubali?

*"Mimi ni katibu wa ushirika wa wachimbaji wadogo. Leseni yetu ina mwamba wa spodumini (madini yenye lithiamu), na waliokuja kuchoronga walituambia kuna tani milioni 6 zenye wastani wa asilimia 1.2 ya oksidi ya lithiamu. Hadi sasa tunauza mawe yakiwa ghafi. Serikali imetangaza kwamba madini ghafi hayataruhusiwa tena kupelekwa nje ya nchi, na sasa amekuja mwekezaji anayeahidi kujenga papo hapo mgodini kiwanda cha tani 20,000 za kaboneti ya lithiamu ya betri kwa mwaka, kianze ndani ya miezi 18. Sharti lake ni tumwachie mbale (mawe yenye madini) yote kwa muda wote wa leseni. Wanachama wengi wamefurahi. Mimi nina wasiwasi, hasa na tindikali, maana kuna mto chini ya mlima. Ahadi hii inawezekana? Kama haiwezekani, tuanzie wapi ili thamani ya madini yetu ibaki nyumbani?"*

Ndugu katibu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama kiwanda hicho kinawezekana, kama kinafaa kukaa mgodini kwenu, na kama mto utasalimika. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba mnachoweza kujenga sasa ni kiwanda cha makinikia, yaani madini yaliyochenjuliwa kutoka kwenye mawe yasiyo na thamani. Kusafisha hadi daraja la betri ni kazi nyingine kabisa, na kwa ukubwa alioutaja mwekezaji, kiwanda hicho hakilingani na mlima wenu. Hili mnaweza kulithibitisha wenyewe kwa kalamu na karatasi.

Chukueni tani 100 za mbale yenu. Ndani yake mna tani 1.2 za oksidi ya lithiamu. Uchenjuaji wa spodumini kwa kawaida hukamata asilimia 60 hadi 80 ya hiyo, tuseme 70. Mnapata tani 0.84, ambazo zikiwa kwenye makinikia ya asilimia 6, kiwango ambacho soko limekizoea, ni tani 14 za makinikia. Tani 86 zilizobaki ni mchanga na tope. Kiwanda cha kusafisha kinahitaji tani 8 hivi za makinikia hayo ili kutoa tani 1 ya kaboneti ya lithiamu. Sasa geuzeni hesabu: tani 20,000 za kaboneti zinadai tani 160,000 za makinikia, yaani zaidi ya tani milioni 1.1 za mbale kila mwaka. Tani zenu milioni 6 zitakwisha kabla mwaka wa sita haujafika mwisho, wakati kiwanda cha aina hiyo hupangiwa kurudisha mtaji wake kwa miaka 15 au zaidi.

Na hapo nimechukulia kwamba tani zote milioni 6 zitachimbika. Ulizeni ripoti ya uchorongaji inaziita nini. Chini ya mifumo ya kuripoti madini kama JORC ya Australia, rasilimali iliyokisiwa kwa mashimo machache haihesabiwi sawa na akiba iliyothibitishwa kuchimbika kwa faida. Benki hukopesha kwa akiba. Mtu anayetaka leseni nzima kwa ahadi ya kiwanda kikubwa kuliko mlima, ama ana mpango wa kuleta mbale kutoka kwingine, na hapo ana wajibu wa kuwaeleza ni wapi, ama leseni yenyewe ndiyo anayoitaka.

Kabla ya kuendelea niseme neno kuhusu marufuku, kwa sababu naona wanachama wanaichukulia kama kiwanda chenyewe. Marufuku huzuia mawe kutoka. Haileti tindikali, umeme wala wanunuzi. Indonesia ilipofunga usafirishaji wa nikeli ghafi mwaka 2020 ilifanikiwa kuvuta viwanda vingi, lakini ilikuwa na sehemu kubwa ya nikeli ya dunia nzima mkononi, makaa ya mawe ya kuzalisha umeme, na kampuni za China zilizokuja na teknolojia tayari. Gharama yake kwa hewa na bahari imekuwa kubwa pia. Kwa lithiamu, mnunuzi anayekosa mawe yenu ana Australia, Chile na Argentina. Zimbabwe ilizuia mwamba ghafi wa lithiamu Desemba 2022 lakini kwa wakati huo ikaendelea kuruhusu makinikia, na huo ulikuwa uamuzi wenye busara ya kiufundi: makinikia ni hatua ambayo mgodi unaweza kuifikia kwa vifaa vya kawaida.

Sasa tuingie ndani ya kiwanda cha kusafisha, ili muone ugumu uko wapi.

Spodumini inavyotoka mlimani ni fuwele iliyojibana. Lithiamu imefungiwa ndani kiasi kwamba tindikali haipenyi, hata ukichemsha kutwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni tanuri la kuzunguka linalopasha makinikia hadi nyuzi 1,050 au 1,100 za Selsiasi. Kwenye joto hilo fuwele hubadili mpangilio wake: densiti inashuka kutoka karibu 3.15 hadi 2.4, chembe inavimba kwa takriban theluthi moja na kujaa nyufa, na hapo tindikali inapata njia. Unga uliobadilika sawasawa ni mweupe na ukishapoa unapondeka kwa vidole.

Makosa mengi huanzia kwenye tanuri hili. Moto ukipungua, sehemu ya spodumini hubaki vilevile, na lithiamu yake inaishia kwenye mabaki bila mtu kuiona hadi maabara iseme. Moto ukizidi, maika, feldispa na madini ya chuma yaliyoponyoka kwenye uchenjuaji huyeyuka, yanaunganisha unga kuwa mabonge ya kioo, na mabonge yanang'ang'ania kuta. Tanuri linazimwa, linapozwa, linavunjwavunjwa ndani, na siku kadhaa za uzalishaji zimekwenda. Nafasi kati ya moto mdogo na moto uliozidi ni finyu, na inazidi kuwa finyu kama malisho yanabadilika leo hivi kesho vile. Kwa sababu hiyo makinikia yenye oksidi ya chuma inayozidi asilimia 1 hivi hukatwa bei au hukataliwa. Mnunuzi anaogopa tanuri lake.

Baada ya kupoa, unga husagwa na kuchanganywa na tindikali ya salfa iliyozidi mahitaji ya kikemia kwa theluthi hivi, kisha hupashwa tena hadi nyuzi 250. Lithiamu inageuka salfeti inayoyeyuka kwenye maji, lakini haitoki peke yake: chuma, alumini, magnesi na kalsiamu vinatoka nayo. Mawe ya chokaa yaliyosagwa hupandisha pH hadi 6 hivi, chuma na alumini vikaganda na kuchujwa. Chokaa iliyozimwa huipandisha hadi 11 au 12 ili magnesi ishuke. Magadi soda (kaboneti ya sodiamu) kidogo huondoa kalsiamu, na kinachobaki hunaswa na resini, chembe za plastiki zinazovuta madini yaliyoyeyuka.

Mwisho magadi mengi hutiwa kwenye mchanganyiko uliopashwa hadi nyuzi 90 au 95, na kaboneti ya lithiamu inashuka ikiwa unga mweupe. Joto hilo lina sababu. Tofauti na chumvi nyingi, kaboneti ya lithiamu hupoteza uwezo wa kuyeyuka kadiri maji yanavyozidi kuwa moto: lita moja ya maji ya nyuzi 20 hushika gramu 13 hivi, ya nyuzi 100 hushika gramu 7 tu. Anayeiosha kwa maji baridi anamwaga bidhaa yake mwenyewe. Na maji yanayobaki, yakiwa bado na lithiamu, lazima yarudishwe mwanzoni. Yakimwagwa, faida inamwagwa pia.

Asilimia 99.5 ya usafi, ambayo ndiyo daraja la betri, inasikika kama jambo dogo. Tatizo ni kile kilichomo kwenye nusu asilimia iliyobaki. Chuma kinatakiwa kisizidi sehemu kumi hivi kwa milioni, na vumbi la sumaku chini ya hapo. Chembe ya chuma iliyokwanguka kwenye boliti ya konveya inaweza kuyeyuka ndani ya betri, ikajijenga upya upande wa pili kama sindano, na betri ikapiga shoti. Mtengenezaji wa betri analijua hilo, kwa hiyo hupima sampuli baada ya sampuli, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi, kabla ya kusaini kununua. Muda huo unaanza baada ya kiwanda kuwaka. Miezi 18 ya mwekezaji haijauhesabu.

Msidhani hili ni gumu kwa wachimbaji wadogo peke yao. Kiwanda cha Kwinana, Australia Magharibi, kinalishwa na mgodi wa Greenbushes, moja ya miamba bora ya spodumini duniani. Kilitoa haidroksidi ya lithiamu, kemikali nyingine ya betri, kwa mara ya kwanza mwaka 2021, kikafikia daraja la betri mwaka 2022, na miaka iliyofuata mstari wake wa kwanza wa tani 24,000 kwa mwaka ukaendelea kuzalisha chini sana ya uwezo huo. Mwaka 2025 wamiliki walisitisha kazi ya kujenga mstari wa pili. Mtaji, mbale na wahandisi wote walikuwepo.

Kuna pia suala la kemikali, na hapa mgodi ulio mbali na reli huumia zaidi. Kwa hesabu ya kikemia pekee, tani 1 ya kaboneti inahitaji tani 1.33 za tindikali ya salfa na tani 1.43 za magadi soda. Kiutendaji tindikali hukaribia tani 2. Kwa tani 20,000 ni tani 40,000 za tindikali kila mwaka, zaidi ya malori 1,300 ya tani 30 yakipita vijijini. Njia yenye akili zaidi ni kuleta salfa kavu na kuichoma kiwandani, kwa kuwa tani 1 ya salfa hutoa tani 3 za tindikali, na uchomaji wenyewe hutoa mvuke unaoweza kuzungusha jenereta. Lakini mtambo wa tindikali ni uwekezaji wa peke yake, na una maana pale unapohudumia wateja kadhaa: shaba, mbolea, lithiamu.

Tuje kwenye mto. Wasiwasi wako ni wa haki, ila hatari kubwa haipo pale unapoitazama. Tindikali inayotumika ndani ya kiwanda huishia kuzimwa kwa chokaa. Inatisha zaidi ikiwa barabarani au kwenye tangi bovu. Kinachobaki ni kigumu zaidi kukitunza. Kila tani ya kaboneti huacha karibu tani 8 za mabaki ya mwamba uliochomwa, jasi juu yake, na karibu tani 2 za salfeti ya sodiamu. Chumvi hii haina sumu kali na huuzwa kwa viwanda vya sabuni na vioo, lakini isiponunuliwa na ikaachwa inyeshewe, maji ya mto yatakuwa ya chumvi na mashamba ya chini yataharibika. Ulizeni mwekezaji nani amekubali kuinunua, kwa maandishi.

Kiwanda cha makinikia hakitumii tindikali hiyo, lakini kina tope lake, tani 86 kwa kila 100 mlizochimba. Bwawa la tope lililopasuka Brumadinho, Brazili, Januari 2019 liliua watu 270, na lilikuwa la mgodi wa chuma usio na kemikali za kutisha. Uzito wa tope lenyewe ndio ulioua. Mkiwa na mto bondeni, sisitizeni tope lichujwe maji na kurundikwa likiwa kavu, hata kama vichujio vina gharama. Maji yanayochujwa mnayarudisha kiwandani, jambo ambalo wakati wa kiangazi mtalishukuru.

Kwa hiyo ningewashauri nini? Gawanyeni tani milioni 6 kwa miaka 15: ni tani 400,000 za mbale kwa mwaka, makinikia tani 56,000. Huo ni mgodi halisi wenye kiwanda cha makinikia cha heshima. Kama ungesafishwa wote ungetoa tani 7,000 za kaboneti, kiasi kidogo mno kubeba peke yake tanuri, mtambo wa tindikali na maabara ya betri. Lakini migodi mitatu au minne ya namna hiyo ikipeleka makinikia kwenye kiwanda kimoja kilicho karibu na reli, umeme na bandari, hesabu inakaa sawa. Hicho ndicho kiwanda cha taifa kinachostahili kudaiwa serikalini, na sharti lake liwe kwamba kinapokea makinikia ya mgodi wowote kwa ada inayojulikana.

Kati ya hatua hizo mbili ipo ya katikati: kuishia kwenye salfeti ya lithiamu na kuisafirisha. Ndiyo hatua iliyochaguliwa Zimbabwe baada ya makinikia. Faida yake ni uzito, kwani badala ya kubeba tani 8 za makinikia mnabeba chini ya tani 2 za salfeti kwa lithiamu ileile, na hamhitaji magadi mengi wala hamuachiwi salfeti ya sodiamu. Hasara yake ni kwamba tanuri, tindikali na mlima wa mabaki vinabaki kwenu, na wanunuzi wa salfeti ni wachache, mara nyingi ni kampuni mama ya mwenye kiwanda. Anayemuuzia mnunuzi mmoja hapangi bei. Ningeichukua pale tu ambapo bei imefungwa kwenye mkataba kwa kufuata bei ya kaboneti inayotangazwa sokoni.

Bei yenyewe iogopeni. Mwishoni mwa 2022 kaboneti ya lithiamu ilipita dola 70,000 kwa tani. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa dola 10,000 na kidogo. Mradi wowote ambao karatasi zake hazisimami kwa dola 10,000, msiweke leseni yenu ndani yake.

Kazi ya kuanza nayo ni sampuli. Msiokote mawe ya juu, maana spodumini iliyokaa kwenye hewa na mvua hugeuka udongo na huwadanganya. Chukueni kutoka kwenye viini vya mchorongo, kina tofauti tofauti, kilo 200 hadi 500 kwa jumla. Jambo la kwanza la kuuliza maabara ni lithiamu imekaa kwenye madini gani. Kipimo cha asilimia 1.2 hakitofautishi spodumini na madini mengine ya lithiamu kama lepidolaiti au petalaiti, na kila moja ina njia yake ya uchenjuaji.

Kisha waombe jaribio la kioevu kizito. Mbale hupondwa hadi milimita 10 au 6, huchujwa vumbi, na hutumbukizwa kwenye vimiminika vya densiti ya 2.7 hadi 3.0. Kwatzi yenye 2.65 na feldispa huelea, spodumini yenye zaidi ya 3.1 inazama. Ikizama safi ikiwa bado chenga kubwa, mna bahati: karasha, chekeche na mtambo wa kioevu kizito wa ferosilikoni (unga mzito wa chuma na silikoni) vitawatosha kuanzia. Ikiwa spodumini imejichanganya na kwatzi kwa chembe ndogo, itabidi kusaga hadi chini ya milimita 0.3, kuondoa tope laini, na kuelesha kwa povu kwa kutumia asidi za mafuta. Hapo gharama, maji na ufundi vinapanda maradufu, na tope laini litaondoka na sehemu ya lithiamu yenu. Waombe pia wapime tantali na bati. Miamba ya namna hii mara nyingi huwa navyo, na mnaouza mawe ghafi huenda mnavitoa bure.

Hata kabla ya kiwanda, anzeni na upimaji wenu wenyewe. Makinikia huuzwa kwa tani kavu, kwa hiyo jueni unyevu kabla lori halijaondoka. Kila shehena igawanywe sampuli tatu zenye lakiri: yenu, ya mnunuzi, na ya maabara ya tatu itakayoamua mkibishana. Ushirika unaopoteza nusu asilimia ya daraja kwenye kila shehena unapoteza zaidi ya hapo kwenye malipo.

Sehemu ya kazi hii haifanyiki kwa barua. Jaribio la tindikali moto lisifanywe na mwanachama yeyote nje ya maabara, hata kwa kikombe kimoja. Mtafuteni mhandisi wa uchenjuaji asiyelipwa na mwekezaji, aje aone viini vya mchorongo na asimamie majaribio. Mhandisi wa miamba na udongo lazima atembee bondeni kabla eneo la tope halijachaguliwa, na apime kama mwamba una salfaidi, yaani madini yenye salfa, inayoweza kutoa maji ya tindikali. Kwa pegmataiti, aina ya mwamba unaobeba spodumini, huwa ni kidogo, lakini ipimwe. Mkataba upelekeni kwa wakili wa madini kabla ya kusaini. Mwambieni mnataka kuuza makinikia kwa kiasi na miaka inayotajwa, na kila haki ya mwekezaji iambatane na hatua aliyokwisha kuikamilisha: majaribio, kibali cha mazingira, fedha iliyothibitishwa, ujenzi. Hatua isipotimia kwa tarehe, haki inarudi ushirikani bila kesi.

Mwekezaji naye mwombeni karatasi tatu: ripoti ya majaribio ya uchenjuaji kwa mbale yenu, chanzo cha tindikali na umeme kilichothibitishwa na wenyewe, na jina la mhandisi aliyewahi kuwasha tanuri la spodumini. Akizileta, mna mazungumzo ya kufanya. Asipozileta, endeleeni na sampuli zenu. Kilo hizo 500 zitawafungulia mlango kwa wawekezaji wengine.